Samaki wa Kwenye Picha

Jumamosi jioni, huko Nyakato, Kokulinda alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapiga picha risiti ya unga, mafuta na sabuni. Aliituma kwenye aplikesheni ya simu inayoitwa Kapu Langu. Unanunua kwenye maduka yao ya mjini, unatuma risiti, hela kidogo inarudi kwenye simu. Familia ya watu watano inarudishiwa mara mbili ya familia ya watu wanne.

Kwao walikuwa wanne: yeye, mume wake Nestory na watoto wawili. Kiwanda kilikuwa kimempunguzia Nestory zamu, na unga ulikuwa unakata kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo Kokulinda akamwandikisha mama mkwe wake, Evelina, aliyefariki mwaka jana. Laini yake ilikuwa bado hewani. Ujumbe ukaingia kuuliza kama ni yeye, Kokulinda akabonyeza ndiyo.

Kesho yake jua likizama, mama mkwe akaingia na khanga yake ileile. Walimzika Magu, karibu na ziwa, na miguu yake ilikuwa na mchanga mbichi. Queen, binti mkubwa, akachukua ufagio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmepika nini?"

"Sato."

"Mama, ungepiga simu," Kokulinda alisema, "tungeongeza maji kwenye mchuzi."

"Simu yangu si unayo wewe."

Kila Jumapili aplikesheni ilitaka picha ya familia nzima mezani, kila mtu na sahani iliyojaa. Kokulinda akamwekea mama mkwe yule sato. Akapiga picha. Akaichukua sahani, akawagawia watoto samaki, akairudisha na ugali na mchuzi. Bibi hakubisha. Alikuwa ameshanyanyua mkono kupisha kabla sahani haijaguswa.

Nestory aliuona ule mkono.

Mama yake alipokuwa hai, yeye alikuwa zamu ya usiku, mchana analala. Kila wiki mke wake alimtumia picha kazini: mama na samaki mzima mbele yake. Aliwaonyesha wenzake, akawaambia mama yangu anakula kuliko mimi. Mama akawa anakonda, Nestory akasema ni sukari.

"Mama," aliuliza, "hata zile picha za mwaka jana?"

"Picha ikishapigwa, sahani inarudi jikoni, mwanangu. Ila samaki niliwaona. Walikuwa wazuri."

"Samaki alikuwa mmoja," Kokulinda alisema. "Na watoto walikuwa wanakua."

Simu ikalia. Hela ilikuwa imeingia, ya kutosha mfuko mwingine wa unga. Nestory akanawa mikono, wakala.

Mtaani habari zikaenea. Maige wa nyumba ya pili aliwaandikisha wazazi wake wote wawili na shangazi yake mmoja mkorofi. Ikawa jioni uchochoro unajaa marehemu, wanasalimiana Kisukuma, wanaulizana kwako leo kuna nini, halafu kila mmoja anaelekea mlango wa kwao. Usiku wanarudi makaburini, na hakuna aliyeonekana kunenepa. Wenye bajaji walijifunza kupiga honi taratibu.

Jumapili iliyofuata Kokulinda alikuwa bado anasonga ugali, akamwambia Nestory apige yeye picha. Nestory akafungua aplikesheni. Jina la mama lilikuwa la tano, na pembeni yake kitufe cha kumtoa. Akikibonyeza, mama anarudi Magu kupumzika moja kwa moja. Akatazama kona ulipokaa mfuko wa unga. Ulikuwa umefika nusu, na mwezi nao nusu.

Mama alikuwa ameshakaa, sato mbele yake, macho yake kwa samaki.

"Mama, sogea kidogo kwenye mwanga," Nestory alisema.

Mama akasogea. Nestory akapiga picha, ikatoka vizuri. Kisha akainama mwenyewe kuichukua sahani, akakuta mkono umeshanyanyuliwa.