Mchongaji Asikae

Siku Lukelo aliposhinda mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi kule Afrika Kusini, gazeti moja lilimwita "kijana wa pwani". Pwani gani? Huyu ni wa Kivukoni, Ifakara, kando ya mto huku bara, aliyejifunza kusimama juu ya maji ndani ya mtumbwi wa baba yake, upondo wa kusukumia mkononi, tangu ana miaka sita. Hakuna ofisi ya serikali iliyoandika kukanusha. Goti lilipochanika na wafadhili wakamrudisha na begi moja, hakuna ofisi iliyofika stendi kumpokea. Tuyakumbuke yote mawili.

Miaka kumi na moja sasa anakaa chumba cha nyuma ya mashine ya mpunga ya mzee Mbaruku. Anachonga mbao za kutelezea kwa magogo ya msufi na kuzituma Dar es Salaam, kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Hapa mtaani wanaziita milango. Wengine humuuliza hilo jeneza jembamba hivyo ni la marehemu gani. Yeye hucheka kidogo na kuendelea kupiga randa. Jioni anakula peke yake, redio ikimsemesha.

Mwanafunzi alikuwa mmoja tu, Frida, binti wa Levina muuza samaki. Bonde letu la Ifakara halina mawimbi, kwa hiyo Lukelo alimfundishia kwenye kilima cha pumba nyuma ya mashine. Frida alipanda juu na ubao, akasimama, akateremka pumba zikiruka, watoto wa jirani wakizomea. Alianza na miaka kumi na tatu. Mwaka huu, alipofikisha kumi na saba, akapata nafasi kwenye mashindano ya Kigamboni. Lukelo akamchongea ubao wake mwenyewe, futi kumi, ncha imeinuka kama ya mtumbwi wa Wandamba, wavuvi wa bonde hili.

Levina akakataa. Bahari haikumtisha, wala safari. Marehemu baba yake alikuwa fundi mitumbwi, na mafundi wale walikuwa na sharti moja: chombo kipya hupandwa kwanza na aliyekichonga, avuke nacho kwenda na kurudi, asikae. Akikaa, basi hata yeye hakiamini.

"Kaka Lukelo, wewe umesimama juu yake?"

Lukelo akasema bado. Levina akamuuliza kuhusu zile za Dar. Hizo nazo bado. Sharti Lukelo alilijua tangu utotoni. Aliwahi kuwaeleza wenye kiwanda cha mbao za kutelezea kule ng'ambo, wakacheka, naye akajifunza kunyamaza. Tangu goti lichanike hakuwa amesimama juu ya ubao hata mmoja.

"Basi mwanangu hapandi," Levina akasema, akaendelea kupara perege.

Jumamosi asubuhi waliteremka mtoni na ubao mpya, Lukelo, Levina na Frida, watatu tu. Lukelo aliomba watu wasiitwe. Alishika upondo, akapanda, ubao ukazama kidogo, maji yakamfika vifundoni, kisha akaondoka. Juu ya daraja malori ya mpunga yalipita, hakuna aliyechungulia. Alifika ng'ambo ya pili, ambako hakukuwa na hata mtu wa kumwambia karibu, akageuza.

Katikati ya mto goti likamsaliti. Alianguka kwa magoti yote mawili, upondo bado mkononi. Frida akaingia majini, mama yake akamkamata kanga. Lukelo alijaribu kuinuka mara mbili. Mara ya tatu hakujaribu; akasukuma upondo hivyo hivyo mpaka ubao ukagusa mchanga.

"Nimekaa," akasema, uso chini.

Levina aliutazama ubao, akalitazama na goti lililoanza kuvimba.

"Baba alisema asikae. Magoti hakuyataja. Mimi kila Jumapili napiga magoti kanisani, na padri hajaniambia nimekaa."

Wiki iliyofuata kondakta wa basi aliuliza huo mlango ni wa nyumba ya nani. Frida akamwambia ni wake, na apakie taratibu. Lukelo alikuwa na neno moja tu la kumpa.

"Ukiulizwa unatoka wapi, sema mapema, kabla hawajakuandikia."

"Sawa, mwalimu. Na wewe goti hilo ulikande."

Kigamboni Frida alishika nafasi ya tano. Redioni mtangazaji alimwita binti wa pwani yetu. Sauti ya Frida ikamkatiza: yeye ni wa Ifakara, na kuteleza amejifunzia kwenye pumba. Mtangazaji akacheka, akidhani ni utani, akaweka muziki.

Lukelo aligeuka kumuuliza mtu kama amesikia. Chumbani hapakuwa na mtu. Mashine ilikuwa imezimwa, mzee Mbaruku yuko msikitini. Akatoka nyuma kutazama kilima. Mfereji wa ubao wa Frida ulikuwa bado unaonekana, ingawa pumba mpya zilishaanza kuufukia.

Asubuhi akafunga goti kwa kitambaa, akachukua upondo na ubao mpya wa mtu fulani wa Dar, akateremka nao mtoni.