Diski ya Baba Mkwe

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja: usafi. Si wa mwili, maana shati alilovaa lilikuwa la juzi, bali wa kompyuta. Akiona faili kuukuu, anafuta. Akiona programu isiyotumika, anang'oa. Jumamosi alikwenda kumsalimia mama mkwe wake, akaiona kompyuta ya marehemu baba mkwe, mikono ikamwasha. Akaiwekea Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, ya toleo jipya, akafuta ya zamani yote, akaaga huku akijisifu.

Jumapili asubuhi akaitwa.

"Sauti ya mzee haifunguki," mama mkwe alisema. "Na wajukuu wanakuja saa kumi kumsikia babu yao. We umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mama. Nimesafisha tu."

Mama akavuta kiti, akakaa ubavuni mwake na kikombe cha chai, kama msimamizi wa mtihani. Mzee alikuwa ameacha rekodi moja tu duniani, nayo ilikuwa kwenye diski kubwa mle ndani.

Fundi akaandika amri ya kuorodhesha diski. Ikatokea moja, ndogo, ile iliyobeba Linux yenyewe. Kubwa haikuwapo. Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Diski ilikuwa inanguruma vizuri, haina hata mafua. Akasoma orodha ya makosa mstari kwa mstari, ndipo jasho likamtoka. Diski ile iliunganishwa kupitia kadi kongwe, na Linux mpya haikuwa tena na draiva ya kadi hiyo, kijiprogramu cha kuitambua. Bila draiva, kadi na kompyuta walikuwa majirani wasiosalimiana.

"Tatizo ni umeme," alisema.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," mama alijibu, akanywa chai.

Kampuni iliyotengeneza kadi ilishafungwa zamani. Kushusha Linux ya zamani kwa mtandao wa pale kungechukua siku mbili. Plagi ya diski nayo haikuingia penginepo. Lakini Fundi akatabasamu: yeye si mjinga, alishaweka nakala ya draiva mahali salama. Akafungua daftari lake la kazi aone ni wapi. Kwa mwandiko wake mwenyewe, tena kwa wino mwekundu, iliandikwa: "Draiva ya kadi iko kwenye diski kubwa."

Akalisoma mara mbili, akalifunga.

"Nini?" mama aliuliza.

"Mama, nimefunga mlango, ufunguo nimeuacha ndani."

Alitegemea kutukanwa. Angefurahi kutukanwa. Mama hakumtukana, machozi yalimlengalenga, akageukia dirishani.

"Mimi mwenyewe nimeanza kuisahau," alisema taratibu. "Maneno yake nayakumbuka. Sauti ndiyo inanitoka."

Fundi aliona aibu kweli, ile aibu ya kukosa pa kuweka mikono. "Kulikuwa na sidii," akasema, "ile niliyowekea Linux mara ya kwanza. Draiva ilikuwamo. Nikaitupa kwenye pipa, hapo hapo jikoni kwako, nikakwambia siku hizi sidii hazina kazi."

"Hii?"

Mama akainua kikombe. Chini yake, mahali alipokiweka kila asubuhi kwa miaka mitatu, sidii iling'aa, ina duara la chai.

"Akiba haiozi," mama alisema. "Nyinyi wasafi mtatumaliza."

Fundi akaifuta kwa upindo wa shati la juzi, akaitia kwenye mashine. Ikakwaruza, ikakohoa, ikakubali. Akaiwasha kompyuta kwa sidii hiyo. Linux ya zamani ikaamka, ikaitambua kadi, na diski kubwa ikajitokeza kwenye orodha kana kwamba haikuwahi kununa. Akafungua folda ya mzee. Hakugusa kingine chochote, hata vumbi.

Spika zikakoroma. "Moja, mbili. Moja, mbili," mzee alisema. "Huyu mkwe wetu kaniambia niseme kitu, anajaribu mashine yake. Sina la kusema. Na yeye hajui anachofanya, namwangalia hapa." Kiti kikalia mle kwenye rekodi. "Mke wangu, chai yangu vipi?"

"Naleta!" mama akajibu, na alishasimama, kikombe mkononi, kabla hajakumbuka.

Fundi hakumtazama. Akairudisha sauti mwanzo.