Saini ya Nsanzimana

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, waasi walipokuwa wakikaribia Goma, Annonciata alifunga nyumba yake ya mbao kwa kufuli, akajitwisha godoro dogo, akafuata umati mpaka ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikaa siku sita kwenye uwanja wa shule pamoja na watu asiowajua. Alipata chakula, alipata turubai, hakuugua. Kilichomkaa rohoni ni majina. Kutwa nzima watu walipita katikati ya mikeka wakiita: Daniella! Papa Samy! Shida wee! Mara mtu akaitika, akaruka, akakumbatiwa. Annonciata alijikuta anasikiliza kila mwito kwa makini. Siku ya tano ndipo alipotambua kwamba alikuwa akisubiri jina lake, na kwamba hapakuwa na mtu duniani wa kuliita.

Aliporudi Goma, mtaani kwake Mapendo, alikuta kufuli iko palepale. Akafungua, akafagia, akachemsha viazi, akala peke yake kama alivyokula kwa miaka kumi na sita.

Mumewe, Nsanzimana, alikuwa dereva wa lori. Kila wiki alishika barabara ya Rutshuru mpaka Vitshumbi, akapakia samaki wa chumvi, akawaleta Goma, na Annonciata akawauza. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu wa mume walisema walichosema, lakini Nsanzimana aliwajibu kwamba nyumba yake imejaa, na maneno yakaishia hapo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na sita, aliondoka asubuhi na lori tupu. Baada ya siku chache vita viliingia Rutshuru, halafu Goma. Lori halikurudi.

Hakuna aliyeleta habari. Annonciata alingoja wiki, akangoja mwaka, kisha kungoja kukawa ndiyo namna yake ya kuishi. Aliacha samaki wa Vitshumbi, akahamia ufukoni Kituku kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Mwaka 2002 volkano ilipomwaga moto mjini, nyumba yake ilizikwa na vyote vilivyokuwemo. Watu walimshauri ajenge kwingine, penye udongo. Alikataa. Mawe yalipopoa, alihesabu hatua kutoka kona ya barabara mpaka akaridhika kwamba amesimama sebuleni kwake, akajenga upya juu yake. Nsanzimana akirudi, alisema, atautafuta mlango pale alipouacha.

Lakini Gisenyi ilimbadilisha. Rafiki yake wa sokoni, Marie-Louise, alikuwa amehamia Uganda, na siku moja alimpigia simu akamweleza habari za kampuni iliyonunua shamba kubwa nje ya Mbarara na kulikata viwanja. "Nimeshanunua changu," alisema. "Njoo ukae nyuma yangu. Huku mutu anapanda maharagi na yeye mwenyewe anayavuna." Annonciata alicheka, akabadilisha mazungumzo. Hata hivyo kila alipokaanga sambaza, neno lile lilimrudia: yeye mwenyewe anayavuna.

Wakala wa kampuni hiyo mjini Goma alikuwa Mahamudi, mtu wa makamo wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Birere, na ramani ya viwanja ilibandikwa ukutani. Mwezi wa tatu Annonciata alivaa kitenge chake kizuri, akaenda.

"Nisikufiche, mama," Mahamudi alimwambia kabla hata hajakaa vizuri. "Kule Uganda mutu wa inje hapewi udongo moja kwa moja. Anaukodi tu. Miaka arobaini na tisa."

"Na mwaka wa hamsini?"

"Mwaka wa hamsini utakuwa na miaka ngapi?"

Annonciata alihesabu. "Mia na tatu."

"Basi tutaongea ile siku."

Alicheka kwa sauti, akashtuka kuisikia. Alichagua kiwanja cha thelathini na moja, mgongoni mwa kile cha Marie-Louise. Akiba alikuwa nayo. Mtu asiye na wa kumlisha huweka akiba hata bila kukusudia. Mambo yalikwenda upesi mpaka wakafika kwenye fomu. Mahamudi alimsomea kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Kazi.

"Umeolewa, mama?"

"Ndiyo."

"Basi bwana yako ataweka saini hapa chini. Wakili wa kampuni hapokei fomu bila hiyo. Anaweza kuja kesho?"

"Hayupo."

"Amesafiri?"

"Amesafiri."

"Anarudi lini?"

Annonciata aliitazama ramani, vile vipande vyeupe vilivyopangwa safu kwa safu. Mahamudi aliweka kalamu chini. Alizaliwa Goma, akakulia Goma. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Tangu mwaka gani?" aliuliza polepole.

"Tisini na sita."

"Tunaweza kuandika célibataire. Nani atakwenda kuuliza?"

"Nilifunga ndoa kanisani, batu wote wakiona. Siwezi kuandika kama sikuolewa."

"Basi mjane. Ila watataka karatasi ya kifo."

"Mimi si mjane."

Mahamudi alijikuna kidevu. "Mama, sitaki kukuumiza. Hapa kuna mistari mitatu tu, na wewe hauko hata kwenye mumoja."

Annonciata alirudi nyumbani bila kiwanja. Baada ya wiki alikuja tena na wazo: waandike majina mawili, lake na la Nsanzimana, na mumewe atasaini siku atakayofika. Mahamudi alipiga simu Mbarara mbele yake. Jibu likaja kwamba inawezekana, mradi mume alete picha na alama ya kidole. Annonciata aliomba maji ya kunywa. Picha zote zilikuwa chini ya mawe ya volkano. Kwa kweli, na hili hakumwambia Mahamudi, hata yeye alikuwa ameanza kupoteza uso wa mumewe. Nyusi alizikumbuka, na mikono. Pua ilikuwa ikimponyoka.

Siku mbili hakwenda sokoni. Siku ya tatu alikwenda mtaa wa Ndosho kwa mzee Sebahire.

Sebahire alikuwa msaidizi wa Nsanzimana kwenye lori. Safari ile ya mwisho malaria ilimwangusha, akabaki. Tangu hapo yeye na Annonciata walikuwa wakionana parokiani siku za sikukuu, wakapungiana mkono, kila mmoja akashika njia yake. Hawakuwahi kukaa pamoja. Alimkuta uani akichonga mipini ya majembe. Mzee aliinuka haraka, akamtolea kiti pekee kilichokuwepo, mwenyewe akakaa juu ya jerikani.

"Karibu, shemeji."

"Papa Sebahire, nimekuja kukuomba kitu. Tribunal inataka mashahidi wawili kwa ile karatasi ya kifo. Mutu mwenye alimujua Nsanzimana, mwenye anaweza kusema kama..." Alitengeneza kitenge magotini. "Kama hayuko tena."

Sebahire aliugeuza mpini mikononi. "Unataka niseme ninafikiri amekufa, ao niseme ile niliona?"

"Sema ile uliona."

Basi akasema. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, barabara ilipofunguka kidogo, alitoka Rutshuru kwa miguu na watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Kabla ya kufika Rwindi alilikuta lori kando ya barabara ya Vitshumbi, limeungua. Wanakijiji walikuwa wamezika waliowakuta. Alipouliza habari za dereva, walimwelezea koti la Nsanzimana, lile lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Wakamwonyesha mahali.

"Nilileta habari kwa kaka zake," alisema. "Wakaniambia watakuambia wao, kwa sababu ni familia. Mwaka uliisha, nikaona bado unangoja. Nikajua hawakusema. Nikakuja Mapendo mara mbili mimi mwenyewe. Mara ya kwanza ulikuwa unapaka mulango rangi. Nikakosa mdomo, nikarudi."

"Nilikuona."

Mzee aliinua uso.

"Mara zote mbili nilikuona, pale kwenye kona," alisema Annonciata. "Niliangalia sura yako, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kitanda mpaka ukaenda. Nilijisemea, nisipouliza, haitasemwa."

Upande wa pili wa ua, jirani alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Alizikwa vizuri?" aliuliza hatimaye.

"Kuna mawe juu. Nilianza Baba Yetu. Sikumaliza, askari walikuwa wanakuja."

Annonciata aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu iliyo sawa. Akaaga. Alitembea kutoka Ndosho mpaka Mapendo kwa miguu, mwendo mrefu, pikipiki zikimpigia honi, naye asigeuke.

Shahidi wa pili alikuwa Béata, mama wa ndoa yao, aliyewasimamia harusini, ambaye siku hizo alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Mahakamani, mbele ya tribunal, karani aliuliza tarehe ya kifo. Annonciata hakuwa nayo. Sebahire alitaja siku ambayo wanakijiji walimtajia, na karani akaiandika bila kuinua kichwa. Ilikuwa Jumatano. Annonciata alijaribu kukumbuka alifanya nini Jumatano ile. Huenda alikuwa anafua. Huenda alikuwa amemkasirikia mumewe kwa kuchelewa.

Karatasi ilitoka baada ya wiki kadhaa. Jina lote la Nsanzimana lilikuwa limepigwa kwa mashine bila kosa. Aliisoma akiwa amesimama barabarani, akaikunja, akaiweka kifuani.

Mtu akifa Goma, watu hujaa. Viti hukodiwa, majirani huleta kuni, kwaya huja kuimba. Lakini nani angekuja kumlilia mtu aliyekufa miaka kumi na sita iliyopita? Annonciata hakumtangazia yeyote. Alitandika mkeka mbele ya nyumba, akakaa juu yake, kichwa kimefungwa kitambaa. Wapita njia walidhani ana malaria, wakampa pole ya ugonjwa, akaipokea. Siku ya pili saa nne asubuhi Sebahire alitokea kwenye kona. Safari hii hakugeuka. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akavua kofia, na wakashinda hapo wawili. Jioni alipoinuka kuondoka ndipo Annonciata alipolia, akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka kuangalia.

Mwezi wa tano alirudi ofisini Birere. Mahamudi aliisoma karatasi mara moja, akasimama.

"Mungu amupumuzishe, mama."

"Aksanti." Akasaini mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Alipokuwa anahama, aliuza mbao za nyumba kwa jirani. Kila mara alipokimbia vita alikuwa na desturi ya kuandika mlangoni kwa mkaa, kwa ajili ya Nsanzimana, mahali anapokwenda. Safari hii aliokota mkaa kwa mazoea, akakumbuka, akautupa kwenye mawe. Halafu akapanda basi la mpakani.

Kiwanja kilikuwepo kweli. Alikuwa amejiandaa kudanganywa, kwa hiyo alipokiona kigingi chenye nambari thelathini na moja alisimama mbele yake kwa muda, hajui la kufanya. Nyasi zilikuwa ndefu, udongo mwekundu, wa kushikika. Mahali pengine alipopita maishani aliukuta mweusi, au akakuta jiwe. Kati ya viwanja arobaini, ni saba tu vilivyokuwa vimejengwa. Marie-Louise alikuwepo kumpokea, wakacheka na kulia, ila baada ya mwezi mwanawe alimchukua Kampala kulea wajukuu, na nyumba yake ikabaki imefungwa madirisha. Majirani wengine walikuwa wenyeji, watu wema, wenye salamu ndefu. Annonciata aliweza kujibu salamu zile kwa maneno mawili, kisha wote wakabaki kutabasamu.

Alijenga vyumba viwili. Alipanda maharagi, akayavuna mwenyewe. Hakuna aliyekimbia vita. Siku nyingine jua lilizama bila yeye kutoa sauti yoyote tangu asubuhi, na alipomwita kuku wake, sauti ilitoka imekauka.

Jumapili baada ya misa simu ililia. Mara ya kwanza Sebahire alipiga kuuliza kama kuna mvua. Mara ya pili aliuliza tena kuhusu mvua, kisha bila kuulizwa akamwambia kwamba Nsanzimana alipokuwa akiendesha aliimba, tena vibaya, na alikuwa akikasirika abiria wakicheka. Annonciata hakulijua hilo. Nyumbani mumewe hakuimba kamwe. Juma lililofuata alisikia jinsi mumewe alivyokuwa akisimama Rutshuru kubishana bei ya vitunguu na mama mmoja, wiki baada ya wiki, mpaka mama yule akawa anamwekea fungu.

Sasa kila Jumapili alimaliza kazi mapema, akakaa kwenye kizingiti na simu mapajani.

"Shemeji, nilikuambia ile ya kiboko wa Vitshumbi?"

"Hapana."

"Aliingia sokoni, na bwana yako akapanda juu ya lori na viatu vya mutu mwingine."

Upepo ulikuwa mkali kilimani. Annonciata alifunika sikio la pili kwa kiganja.

"Ngoja," alisema. "Anza mwanzo. Polepole."