Macho ya Baba Ukutani

Mama alitoa sharti moja. Angeingia chumba cha kazi cha baba alasiri ile tu, aione picha niliyotengeneza. Ikimpa amani, chumba kingebaki changu, niendelee kuchora humo. Ikimtisha, ufunguo ungekwenda kwa mshonaji aliyetaka kukipanga. Tangu tumzike baba, Mama hakuwahi kuvuka kizingiti kile.

Baba alikuwa mchoraji wa mabango: vinyozi, maduka ya dawa, ubavu wa malori. Mimi nilisomea sanaa ya kompyuta, nikarudi nyumbani nikiamini kwa moyo wote kwamba ufundi wake na wangu ni mkono wa kulia na wa kushoto. Nilimchora upya kwenye tableti, nikiiga alivyokuwa akizungusha brashi kwenye nyusi. Kisha nikaipa picha uhai kidogo. Projekta ingemmulika ukutani, naye angepepesa na kumfuata kwa macho mtu aliye mbele yake. Nilitaka Mama atazamwe tena na mtu aliyempenda. Hilo tu.

Kaka yangu ni fundi wa kamera za ulinzi. Mtaa mzima unamwita Waya. Alinifungia kamera chini ya picha. Kwa kuwa projekta inataka giza, tuliziba madirisha kwa mablanketi, naye akaleta kamera ya kulindia maghala, ile inayoona gizani kwa mwanga wake yenyewe ambao macho yetu hayauoni.

"Haya, msomi, kaa mbele ya mzee," alisema. "Tuone kama anakukumbuka au ulimchosha na maswali yako."

Nilikaa kwenye kiti nilichomwekea Mama. Baba alitokea ukutani, mkubwa, na nywele zake za mvi. Akapepesa, akanitazama. Nilitabasamu mpaka machozi yakanilenga.

Halafu macho yake yakaniacha. Yaligeuka polepole, yakashuka, yakatua kwenye ukuta wa pembeni, mahali palipokuwa na kabati lake la rangi kabla hatujaligawa. Hapakuwa na kitu. Ni chokaa tupu, nyeupe, kwa kimo cha mtoto aliyesimama.

"Waya, acha utani."

"Utani gani? Mimi nimeshika bisibisi."

Nilipunga mkono. Nilisimama, nikakaa. Baba hakuniangalia. Alikuwa akipepesa kwa utulivu, kama mtu anayemsikiliza mwingine.

"Labda kanuna," Waya alisema. "Tableti yako imempa pua kubwa." Lakini alicheka peke yake, na kicheko kikakatika katikati. Nilimwona akirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

Nilifungua kompyuta kuangalia kile kamera inachokiona. Programu huzungushia kila uso kisanduku cha kijani. Nilijiona mimi, wa kijivu, macho yaking'aa kama ya paka, na kisanduku changu. Kisanduku cha pili kilikuwa ukutani. Hakikutetemeka wala kusogea.

Hapo nikaelewa kosa langu, na kuelewa hakukunipunguzia hofu. Niliiagiza programu ifuate uso uliotulia kuliko nyuso zote, maana nilijua Mama atakaa kimya kwenye kiti chake. Sasa ilikuwa imepata uso uliotulia kuliko wa mtu yeyote aliye hai.

"Zima," Waya alinong'ona. "Mdogo wangu, nakuomba, zima. Mimi nafunga kamera benki, haya siyawezi."

Mlango ulisukumwa, ukamgonga mgongoni. Waya alipiga ukelele kama mtoto.

"Kulikoni?" Mama aliuliza. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, kana kwamba anakwenda kumwona mgeni. Ufunguo ulikuwa mkononi.

"Mama, subiri kidogo, bado hatujamaliza..."

Alikuwa ameshamwona. Alisimama kizingitini akimtazama mumewe, mumewe akitazama kwingine. Akayafuata macho yale mpaka yalipoishia. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Nani kawaambia?" alisema kwa sauti ndogo sana. "Nani kawaambia yuko pale?"

"Nani, Mama?"

Niligeuza kompyuta kuelekea kwake kwa sababu sikujua la kufanya. Ndani ya kisanduku cha kijani, chini ya weupe wa chokaa, mistari hafifu ya mkaa ilionekana: shavu la mviringo, masikio yaliyochomoza, kicheko chenye pengo la jino. Kamera ya Waya ilipenya chokaa ambayo macho yetu yaliishia juu yake.

Tulijua tulikuwa na kaka mkubwa aliyefariki kabla hatujazaliwa. Picha yake hatukuwahi kuiona.

"Alimchora wiki tuliyomzika," Mama alisema. "Nikamwambia, ama uso huo utoke, ama nitoke mimi. Akapaka chokaa. Nilidhani alifuta kwanza. Miaka yote ile, alikuwa akifanya kazi pembeni yake."

Nilinyoosha mkono kuzima projekta.

"Usiguse."

Alivuka kizingiti. Nilimshika kiwiko, akautoa mkono wangu. Alikwenda hadi ukutani, akageuka, akachuchumaa palepale, akiuziba uso wa mwanawe kwa wake. Kisanduku kikatoweka, kikatokea upya juu yake. Baba akapepesa. Macho yake yakamwangalia Mama.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akajikunja, nikadhani tumempoteza. Waya alikuwa ameshashika waya wa umeme.

"Nimesema usiguse!"

Alikaa akitazamwa, akitweta, jasho likimtiririka shingoni. Kisha, taratibu, akasogea kando, ukuta ukabaki wazi. Macho ya Baba yakarudi kwa mtoto.

"Haya," alimwambia mumewe. "Mtazame na yeye."

Aliniita nimsaidie kuinuka. Kiganja chake kilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na kilipoachana na changu, ufunguo ulibaki kwangu.

"Mshonaji atafute kwingine," alisema. "Ila mwanangu, mlango huu usiufunge. Naogopa bado."