Upepo Uliopimwa kwa Mwanga

Ifahamike kwa walimwengu wote, wenye macho na wenye miwani, kwamba Jumatano ile, saa tatu kamili asubuhi, katika jangwa la Azraki, upepo ulipimwa kwa mwanga. Saa tatu kamili, kwa kweli, hakikupimwa kitu, maana Kapteni Dughaim, mwenye uwanja wa ndege, alikuwa bado anamimina kahawa.

Kifaa chenyewe, bomba lenye kioo, kilikuwa cha Injinia Hanin. Kilirusha leza hadi mwisho wa njia ya ndege, kikatazama mwanga unavyotetemeka kwa joto na mtetemo unasukumwa upande gani. Kapteni akikikubali, kingefungwa pale pale. Akikikataa, miaka sita ya Hanin ingerudi kabatini.

Kutaiba, mwanafunzi wa bweni aliyeletwa pamoja na darasa lake tangu jana yake kutazama, alimtakia heri kwa moyo wote. Ndiyo maana alijuta bomba liliposoma upepo wa ubavuni kilomita thelathini kwa saa, huku soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, imelala mlingotini kama mgonjwa. Kapteni aliwahi kuwatambia wanafunzi kwamba soksi ile haijadanganya hata siku moja. Basi alfajiri ile Kutaiba alikuwa amepanda mlingoti akaitia uzito, idanganye mara moja tu.

Na katika hema la Kapteni, walimokaa wote, upepo haukusikika, kwani hema la manyoya ya mbuzi huupa upepo mgongo.

"Binti yangu, kifaa chako kinaota," Kapteni alisema.

Kutaiba akajibanza nyuma ya wenzake. Hanin akaweka kikombe chini bila kukionja. Kwa desturi ya jangwani, mgeni akiiacha kahawa hivyo ana ombi, na mwenyeji hana pa kukimbilia.

"Ndege ya barua inatua sasa hivi, ami. Msomee rubani namba yangu."

Kapteni akaisoma redioni kama anayesoma hukumu yake mwenyewe. Ndege ikashuka ubavu ubavu kama kaa, ikajinyoosha mwishoni, ikagusa njia katikati kabisa.

"Aliyenipa namba hiyo mbusuni kichwa," rubani akasema redioni. "Ningeiamini soksi yenu, sasa hivi mngekuwa mnanichimbua mchangani."

Hanin akainywa kahawa yake, imepoa, kwa madaha ya malkia. Kapteni mwenyewe akaenda kutafuta nati za kulifungia bomba, darasa likishangilia, Kutaiba akipiga makofi kuliko wote.

Kisha soksi ikashushwa, ijulikane kwa nini imedanganya. Ndani mlikuwa na foronya iliyojaa mchanga, yenye namba ya dobi wa bweni, arobaini na saba. Kapteni aliisoma kwa sauti, mara mbili.

Kutaiba alifikiria kusingizia majini, akafikiria panya wenye nguvu. Kisha akamtazama rubani aliyekuwa akija kwa miguu, mzima.

"Ni yangu, ami," akasema. "Nilitaka kukucheka wewe tu. Nusura nimuue yeye."