Swali la Tone

Mwalimu mstaafu wa falsafa alikuwa wodini, kando ya kitanda cha mkewe. Figo za mama huyo zilikuwa zimegoma. Maji yalimjaa miguuni na tumboni, sasa yalikuwa yakipanda mapafuni, na bado koo lilimkauka kwa kiu. Daktari alikuwa amekataza hata nusu glasi.

“Baba watoto,” mkewe alisema kwa shida, “miaka yote umewachosha wanafunzi kwa habari za maji. Hebu nichoshe na mimi.”

Mwalimu alisogeza kiti karibu. Akamweleza kwamba wahenga wa Dao, falsafa ya kale ya Uchina, waliyasifu maji kwa unyenyekevu wake: huteremkia mahali ambapo kila mtu anapakwepa, hayagombani na yeyote, na mwishowe hulila jiwe. Masufi nao walisema roho ni tone; likiingia baharini halipotei, huwa bahari.

“Hilo tone liliulizwa kama linataka?”

Mwalimu alichukua pamba. Akaichovya majini, akampangusa midomo. Mkewe aliing'ang'ania kwa meno, akainyonya kama mtoto mchanga, hata ikabidi mumewe amnyang'anye.

Adhuhuri mama alikata roho, kiu ikiwa haijamtoka.