Vichwa Viwili Dirishani

Usha hakuwahi kushika samaki mpaka alipofika Landani. Kwao Mombasa, kila alipopita karibu na soko la samaki alijiziba pua kwa upindo wa sari na kuongeza mwendo. Nyumbani mwao hamkuingia nyama wala yai, sembuse samaki. Lakini ule mwaka wa sitini na nane, Wahindi wa Kenya walipokimbilia Uingereza kabla mlango wa wahamiaji haujafungwa, yeye na mumewe Chaman walifikia mtaa wa Edmonton, kaskazini mwa Landani, pamoja na mama mkwe, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kwenye ghala la samaki.

Mama mkwe jina lake Bhanu, ila wote walimwita Baa, yaani mama kwa Kigujarati. Baa aliambiwa kwamba Usha anashona mashati kiwandani.

"Tumwambie ukweli," Usha alimwomba mumewe mara nyingi.

"Si sasa," Chaman alijibu huku akifunga vifungo vya sare yake ya ukondakta wa basi. "Mwache azoee baridi kwanza."

Baa hakuizoea baridi, na Usha hakutulia. Kila alipotoka kazini alijisugua mikono kwa limau na manjano mpaka ngozi ikamwasha. Ndani ya basi alipanda ghorofa ya juu, akakaa peke yake nyuma kabisa, akijinusa vidole. Abiria akigeuza shingo tu, aliificha mikono kwapani. Nyumbani alikula upesiupesi, akainuka, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ghalani aliwekwa kwenye meza ya kuchambua. Samaki walikuja wamefukiwa katika barafu kutoka bahari za kaskazini, wamechanganyika, naye alitakiwa kumtia kila mmoja kwenye sanduku la wenzake. Wote walikuwa ukoo mmoja: mapezi matatu mgongoni, macho makubwa yaleyale. Mwanzoni alishindwa hata kuwatazama.

Aliyemfundisha alikuwa Mwanamwema, mama wa Kizanzibari aliyeondoka kwao baada ya mapinduzi. Walisimama meza moja, wakazungumza Kiswahili kutwa, na msimamizi wao Justin akawaita wote wawili Mary.

"Usimwogope, shoga, kishakufa huyo," Mwanamwema alimwambia siku ya kwanza. "Tazama. Huyu mwenye mstari mweusi ubavuni na doa begani, kama kafinywa na kidole chenye masizi, ndiye hadoki. Na huyu mwenye mstari mweupe na kindevu kinachoning'inia, kodi."

"Kodi?"

"Ndivyo wamwitavyo. Kamusi yao yasema chewa. Mie chewa namjua, na huyu siye."

Hadoki na kodi Usha aliwashika mapema. Waliomtesa ni koli na polaki. Wote wawili walikuwa na mgongo wa kiza na tumbo la fedha, na wote hawakuwa na kindevu cha kuwatambulisha. Mwanamwema alimweleza tena na tena: mstari wa koli ni mweupe, umenyooka, wa polaki umefifia, tena unapinda juu ya pezi la ubavuni, na polaki taya lake la chini limetokeza, kama mtoto aliyenuna. Usha aliitikia. Lakini vidole vikishakufa ganzi na masanduku yakishapangana, aliona samaki mmoja tu.

Ijumaa moja sanduku zima lilirudishwa na mwenye duka. Justin alilibwaga mezani, barafu ikawarukia.

"Mtu kaagiza koli, wewe umempelekea polaki! Jumatatu nitasimama hapa nikutazame. Ukikosea tena, usirudi."

Jioni ile Usha aliokota vichwa viwili kwenye ndoo ya taka, kimoja cha koli na kimoja cha polaki, vyote vimekatwa pamoja na mabega ili mstari uonekane. Akavifunga kwa gazeti.

"Wavipeleka wapi, na nyumba yenu ile?" Mwanamwema alishtuka.

"Chumbani kwangu. Baa haingii."

Alivitia ndani ya bati la biskuti, akaliweka nje kwenye kizingiti cha dirisha la chumbani, kwenye baridi. Asubuhi ya Jumamosi, Chaman alipokwenda zamu, Usha alifungua dirisha akavitazama, akavigusa mataya, akafumba macho, akavigusa tena. Alipoanza kujiamini, Baa alimwita jikoni akande unga. Akatoka mbio na kuliacha bati wazi.

Paka wa jirani ndiye aliyeliangusha. Baa alikuwa uani akianika nguo. Usha alisikia bati likianguka uani, kisha hatua za mbio ukumbini, kisha mlango wa mbele ukifungwa kwa kishindo.

Alipotoka uani alikuta vichwa viwili juu ya theluji, midomo wazi, na nguo zimeachwa kapuni. Alikimbia barabarani na unga ukimng'ang'ania mikononi. Akachungulia kwa muuza magazeti, akachungulia kwa dobi, akarudi nyuma, akaenda tena. Alimkuta Baa kwenye kituo cha basi, amevaa sari na champali juu ya soksi za sufi, anatetemeka.

"Baa, unakwenda wapi?"

"Kwa binti yangu."

Binti yake Damyanti aliishi Rayners Lane, upande wa pili wa Landani. Baa hakujua basi wala treni ya kumfikisha huko. Usha alimvika koti lake mwenyewe. Baa alilikubali koti, akaukwepa mkono.

Walipanda basi hadi Wood Green, wakashuka chini ya ardhi kupanda treni, wakakaa kiti kimoja kama watu wasiojuana. Vituo vilipita. Usha alivua pete, akaivaa, akaivua.

"Kwa nini wawili?" Baa aliuliza ghafla.

"Nini, Baa?"

"Ungekuwa mmoja ningesema paka kamleta. Wawili! Tena kwenye bati langu nililotoka nalo Mombasa!"

Basi Usha akasema yote: ghala, Justin, mistari, mataya. Akachora kwa kidole kwenye kiganja chake, mstari mmoja umenyooka, mwingine umepinda. Baa alitazama kiganja kile ingawa hakupenda.

"Mimi niliwaona wote sawa," alisema.

"Na mimi pia. Ndiyo maana nikawaleta."

"Chaman anajua?"

Usha aliitikia kwa kichwa. Treni ilikwisha kutoka chini ya ardhi, na Baa akageukia dirisha mpaka mwisho wa safari.

Damyanti alipofungua mlango, Baa alipita moja kwa moja ndani. Usha alibaki kizingitini, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Akamsikia Baa kutoka ukumbini:

"Mwambie aingie. Aoge kwanza."

Jumatatu Justin alisimama kama alivyoapa. Usha aliwatenga samaki mmoja mmoja, koli huku, polaki kule. Justin alipekua sanduku la kwanza, akapekua la pili, akaguna, akaenda zake. Mwanamwema alimbinya kiwiko chini ya meza. Usha alitaraji kufurahi; badala yake alitaka kutoka nje avute hewa.

Baa hakurudi kukaa Edmonton. Chaman alipokwenda kumwomba radhi, mama alimpakulia chakula na hakumjibu neno, na kimya hicho kilidumu mpaka theluji ikayeyuka. Usha naye alikwenda kila Jumapili, ameoga, amevaa sari isiyowahi kukaribia ghala, na Baa akamwekea sahani yake kando, mbali na za wengine.

Jumapili moja Baa alimsogelea na bakuli la dengu.

"Bado uko kwa wale samaki?"

"Bado, Baa."

"Hawajakufukuza?"

"Hawajanifukuza."

Baa alimwongezea dengu, kisha akamwongezea tena. "Kula basi. Umekonda."

Usha alikula, jicho kwenye saa ya ukutani. Treni ya kurudi ilikuwa karibu, na kesho mlango wa ghala ungefunguliwa kabla ya jua kuchomoza.